Kiwanja Kilichosahau Nguzo za Turubali

Vigingi tuliviona kabla ya kuambiwa lolote. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, muuza kahawa hajamaliza hata birika lake la kwanza, na vijana wawili waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa walikuwa wakipima kiwanja chetu kwa utepe mrefu na kupigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu, kimoja wakakisimamisha katikati kabisa ya goli la watoto. Mzee mmoja aliyekuwa barazani akawauliza wanapima nini, nao wakamjibu kwa adabu kwamba wao ni wapimaji tu, wenye habari wako ofisini. Jibu lile halikuwa la ujeuri wala la uongo. Lilitufahamisha tu kwamba jambo letu lilikuwa limeanza mahali pengine, na kwamba sisi limetufikia likiwa tayari katika hatua ya kamba na nyundo.

Nakaa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ambao wageni huupita kwa gari wakielekea ama Mji Mkongwe ama pwani ya mashariki. Kiwanja ninachokisimulia si kikubwa. Mtoto akiupiga mpira kwa nguvu kutoka upande mmoja huangukia ndani ya ua wa nyumba ya upande wa pili, na mwenye ua huo anayo mipira kadhaa ambayo mpaka leo amekataa kuirudisha. Kwenye karatasi za wapangaji miji mahali kama hapa huitwa eneo la wazi, yaani mahali pasipo kitu, na nadhani kosa la kwanza limo humo humo ndani ya jina.

Mkutano wa wananchi ulikuja wiki kadhaa baada ya vigingi. Uliitishwa Jumatano, saa nne asubuhi, katika darasa la skuli, na kwa hivyo waliofika ni wale ambao Jumatano saa nne asubuhi hawana pa kwenda: wastaafu, wajumbe walioitwa na sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, na mimi niliyekuwa likizo. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya rangi iliyoonesha kiwanja chetu kitakavyokuwa, chenye majani yaliyokatwa sawasawa, chemchemi ya maji na watu wakitembea kwa raha. Mwanamume mmoja katika picha alikuwa amevaa koti zito, na mwanamke mmoja alikuwa amemshika mbwa kwa kamba. Mtaani kwetu hapana nyumba hata moja inayofuga mbwa, na koti kama lile mimi nimeliona kwenye televisheni tu. Baada ya maelezo ya kitaalamu tukaulizwa kama tumeupenda mradi, tukapiga makofi, tukatia saini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli. Sina shaka kwamba katika ripoti iliandikwa kuwa wananchi wameshirikishwa na wameridhia, na kwa kipimo cha karatasi ile yenye saini zetu hakuna atakayeweza kuipinga.

Swali moja tu la maana liliulizwa siku ile, na aliyeliuliza ni bi mkubwa mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango. "Mwanangu," alimwambia mhandisi, "turubali tutalifunga wapi?" Mhandisi, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, alimjibu, "Bibi, hapa patakuwa pahala pazuri pa kupumzikia." Lilikuwa jibu zuri la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kwa msomaji asiyeyajua maisha yetu, inafaa nieleze. Mtaa wetu hauna ukumbi. Harusi, maulidi, khitma na kilio vyote hufanyika nje, chini ya turubali linalosimamishwa kwa nguzo, na nguzo hizo husimama kwa kuwa ardhi ni udongo unaochimbika. Mradi ulipokamilika, kiwanja kizima kilikuwa kimetandikwa vitofali vya saruji, na pembeni yakajengwa masanduku ya maua yanayofika kiunoni. Kilio cha kwanza kilitukuta katika masika. Vijana wakahangaika kuzifunga nguzo kwenye mabenchi na kwenye mlingoti wa taa, upepo ukaja, upande mmoja wa turubali ukaporomoka pamoja na maji yote yaliyokuwa yamejikusanya juu yake, na wanaume waliokuwa wakisoma wakalazimika kuhamia kwenye baraza za majirani wakiwa wamerowa. Hakuna aliyeumia. Lakini kuanzia siku ile watu wa mtaa waliacha kukiita kiwanja "chetu" na wakaanza kukiita "cha mradi".

Mtu wa Ng'ambo hatakiwi kushangaa sana akipangiwa, kwa sababu mji huu umepangwa na wengine kwa karne nzima. Hata jina tulipewa kwa kutazamwa kutoka ng'ambo nyingine, wakati mkono wa bahari ulipokuwa ukiutenga mji wa mawe na huku kwetu. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na leo kumbukumbu yake ni majina kama Darajani, mahali ambapo hakuna daraja. Mwaka 1923 ulitoka mpango wa Mwingereza H. V. Lanchester. Mwaka 1958 ukatoka wa Mwingereza mwingine, Kendall. Baada ya Mapinduzi ya 1964 walikuja wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na mpango wao wa 1968 ndio ulioifungulia Michenzani, sehemu ya Ng'ambo yenye maghorofa, njia ya kuwa ilivyo leo. Mwaka 1982 wakaja Wachina na mpango wao. Kila mmoja alikuja na elimu ya kwao na hofu za wakati wake, na katika yote minne mkaazi alikuwa mtu wa kuhesabiwa na kuhamishwa kuliko mtu wa kuulizwa.

Michenzani siisemi vibaya kama wanavyoisema wasanifu wengi wanaokuja kuipiga picha. Majumba yale marefu, ambayo wengine huyaita treni, yaliwapa watu wetu umeme na maji ya ndani katika miaka ambayo nyumba nyingi za udongo hazikuwa navyo, na ninao jamaa waliozaliwa humo ambao hawataki kusikia habari ya kuhama. Nje ya majumba ndiko kulikokuwa na taabu. Nafasi pana zilizoachwa baina ya jengo na barabara hazikuwa za mtu na hazikuwa za kazi yoyote, kwani zilikuja mahali pa vichochoro, baraza na viambaza ambavyo awali vilijua vyenyewe nani akae wapi na saa ngapi. Imewachukua wakaazi miaka mingi kuzitafutia kazi nafasi hizo kwa mikono yao, huyu akipanda mti, yule akiweka kibanda.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa huku hawakuwa na kauli. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyokuwa wamejengea nyumba zao, mpaka serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuwadhibiti wenye ardhi. Kauli ilikuwepo tangu zamani. Ilichokosa ni mtu mwenye penseli aliye tayari kuisikiliza kabla hajachora.

Ndiyo maana niliposikia kwa mara ya kwanza jina la Ng'ambo Tuitakayo nilitabasamu peke yangu. Huo ni mradi ulioanza 2013, ambapo idara ya serikali inayoshughulikia mipango miji na vijiji ilishirikiana na taasisi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam kuandaa mpango mpya wa eneo letu. Tazama neno "tuitakayo" lilivyoundwa: "tu" ndiyo inayoanza, na "i", yaani Ng'ambo, inakuja nyuma yake kama kitu kinachotakwa. Katika mipango minne iliyotangulia Ng'ambo ilikuwa na mtaka mwingine. Waandalizi walifuata mapendekezo ya UNESCO ya 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, ambayo yanataka kwanza vihesabiwe vitu vya mji vyenye thamani, vya asili, vya utamaduni na vya watu, kisha watu wenyewe wakubaliane nini kilindwe na nini kibadilishwe. Kwa hivyo katika ramani zao yaliingia mambo ambayo ramani za zamani hazikuwa na alama yake: baraza, maskani, sehemu za ngoma na michezo, misikiti midogo, miti ambayo watu hukutana chini yake. Mpango unaoanza kwa kuhesabu kilichopo huwa hauna nafasi ya kuandika "eneo la wazi", kwani eneo la wazi halipatikani.

Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hili limeingia mpaka kwenye katiba. Katiba yao ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na inayataka mabaraza ya kaunti yawashirikishe watu katika kifungu cha 196, na mahakama zao zimewahi kubatilisha sheria kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Naona wivu kidogo. Hata hivyo rafiki zangu wa Nairobi husema kwamba huko nako upo mkutano wa saa nne asubuhi wenye soda na nauli, tofauti ni kwamba wao wanaweza kuushtaki.

Mwaka uliofuata ule mkasa wa turubali, tukaarifiwa kwamba kutakuwa na awamu ya pili, upande wa kiwanja ulio karibu na mfereji wa maji. Safari hii tulikuwa sita tulioamua kutosubiri mkutano. Tulimwomba sheha ruhusa, naye akatupa bila taabu, tukachana karatasi za miraba kwenye daftari la hesabu la mjukuu wa mmoja wetu, na kwa wiki tatu tukawa tunakwenda kiwanjani kwa zamu, alfajiri, saa tano, laasiri na baada ya isha, kuandika nani yuko wapi na anafanya nini. Hatukumuuliza mtu anataka nini mpaka wiki ya tatu. Kabla ya hapo tulitazama tu, na nakiri kwamba mimi niliyezaliwa hapo niliona mambo ambayo sikuwahi kuyaona.

Niliona, kwa mfano, kwamba wazee wa mtaa huhama kila siku. Asubuhi hukaa kwenye baraza za nyumba za upande wa mashariki wa kiwanja, ambazo kwa wakati huo zina kivuli chao wenyewe. Wakirudi kutoka sala ya adhuhuri huvuka na bao lao kwenda upande wa magharibi, nao huvifuata vivuli hivyo kwa uhakika wa saa ya ukutani. Mabenchi ya saruji ya mradi yaliwekwa katikati, mahali penye jua kutwa nzima, tena kwa mstari mmoja yakielekea barabarani, ilhali watu wetu hukaa wakitazamana. Saa saba mchana nililigusa moja kwa kiganja na sikuweza kukiacha hapo. Niliona pia kwamba wasichana wanaotoka madrasa ya usiku huzunguka kiwanja kizima badala ya kukikata, kwa sababu ya pembe moja ya giza nyuma ya ukuta, na kwamba taa tuliyopewa inamulika katikati, ambako usiku hapana mtu.

Aliyetufundisha zaidi alikuwa muuza vitumbua. Hufika kabla ya adhana ya alfajiri kwa daladala kutoka Fuoni, akaondoka karibu na adhuhuri, na kwa hesabu yetu hakuna mtu mzima anayekaa kiwanjani saa nyingi kuliko yeye. Lakini si mkaazi. Jina lake halimo katika daftari la shehia, kwa hivyo hakuwahi kualikwa popote. Alituonesha vitofali vitatu vilivyolegea, akatuonesha mahali maji ya masika yanaposimama kwa siku mbili na kwa nini yanasimama, kwamba mtaro ulijengwa juu kidogo kuliko kiwanja, kisha akarudi kwenye jiko lake kwa sababu vitumbua vilikuwa vinaungua. Tangu siku ile kila nikiona neno "wakaazi" katika hati za miradi hujiuliza yeye ameachwa wapi.

Suala la wakati lina upana kuliko saa za siku moja. Chukua viwanja vya Mnazi Mmoja vya hapa Zanzibar: mpimaji akienda siku ya kawaida ataona majani, wachezaji mpira na watu wanaokatisha njia, na anaweza kuamini kwamba anayo nafasi ya kutosha ya kufanyia atakalo. Arudi sikukuu ya mosi, ya pili, ya tatu au ya nne, aone watoto wa mji mzima wamevaa nguo mpya, pembea, wauza ubuyu na vichezeo, na wazazi wanaotafuta watoto waliopotea. Ni siku nane tu kwa mwaka, kwa Iddi zote mbili, lakini ndizo anazozikumbuka mtoto wa hapa mpaka anazeeka. Forodhani nayo, bustani ya ufukweni ya Mji Mkongwe, ilitengenezwa upya na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa Julai 2009, na mimi ni miongoni mwa wanaoiona kuwa kazi nzuri, kubwa zaidi kwa sababu wauzaji wa pweza, mishkaki na maji ya miwa waliohamishwa wakati wa ujenzi walirudi, ingawa kwa mpangilio mpya. Jambo linalonivutia zaidi pale ni vijana wanaokimbia laasiri na kujitosa baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwengine, huku watu wakiwashangilia. Ukuta ulijengwa kwa ajili ya kuzuia bahari, lakini kwao ni jukwaa, na mpango utakaokuja siku moja kuweka vyuma vya usalama juu yake itabidi uongee na wale vijana kwanza.

Sitaki kuipamba kazi yetu. Watu wakiulizwa kwa dhati hawajibu kwa sauti moja, na yeyote anayekuja na matumaini hayo atavunjika moyo siku ya kwanza. Vijana walitaka kiwanja chote kiwe cha mpira. Wazee walisema mpira unavunja vikombe vya kahawa, jambo ambalo ni kweli. Jirani mmoja mwenye gari mbili alizungumza kuliko wote, na kila aliposema "sisi wananchi" alikuwa akimaanisha maegesho ya gari zake. Wanawake hawakusema kitu katika mazungumzo ya pamoja, mpaka dada yangu alipokwenda kukaa nao uwani, majumbani mwao, ndipo habari ya ile pembe ya giza ilipotoka kamili, pamoja na mambo mengine ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi kwa ombi lao. Mmoja katika sita wetu alijitoa kwa hasira, na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Mtaalamu anayelalamika kwamba kushirikisha watu kunachelewesha kazi hasemi uongo, ila na yeye ahesabu ni muda gani ulitumika baadaye kuyabomoa yale masanduku ya maua.

Tulipeleka karatasi zetu kwa wahusika pamoja na maombi kumi na moja. Baada ya miezi miwili tukapata barua, na barua hiyo naihifadhi. Maombi manne yalikubaliwa. Matatu yalikataliwa, kila moja na sababu yake, kwa mfano kwamba mlingoti wa taa hauwezi kusogezwa kwa kuwa chini yake pamepita waya mkubwa wa umeme, lakini taa ya pili ndogo itafungwa ukutani penye pembe ya giza. Manne yaliyobaki yaliambiwa yasubiri bajeti. Huenda msomaji akashangaa nikisema kwamba kukataliwa kule kulinifurahisha kuliko makofi ya darasani, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa ofisini kutuandikia kama watu wanaoweza kuelewa sababu. Mikutano mingi niliyohudhuria huchukua maoni yetu na kuondoka nayo, na hatuyaoni tena, kama mtu aliyeazima sufuria.

Miongoni mwa manne yaliyokubaliwa ni nguzo. Vitofali vilitolewa katika sehemu sita, pakazikwa vikombe vya chuma vyenye vifuniko, ambamo nguzo hutumbukizwa na kukaza bila kuchimba. Mhandisi yule yule kijana alikuja mwenyewe kupima, safari hii jioni, akanywa kahawa na kumtafuta bi mkubwa wa mlangoni ili amwoneshe. Bi mkubwa akavikagua vile vikombe kwa ncha ya kiatu chake, asiseme neno.

Harusi ya kwanza ilifanyika mwezi wa Mfunguo Mosi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba vipimo vilichukuliwa kwa turubali la msikiti, ambalo ndilo lililokuwa karibu siku ile, na kwamba turubali wanalokodi akina mama kwa ajili ya harusi ni pana kuliko hilo kwa hatua mbili. Nguzo tano zilikaa vikombeni. Ya sita tuliifunga kwenye benchi, kwa kamba mbili, na kijana mmoja akaambiwa ale biriani lake akiwa amekaa hapo hapo.